Somo: Winchi, friji na kompresa kwenye pikapu ya umeme – umeme uchukue wapi, na wapi usiguse

Kila anayefikiria kwenda porini na pikapu ya umeme huuliza kwanza: winchi, ile mashine ya kwenye bampa ya kujivuta kwa kebo ukikwama, si itamaliza chaji ya gari? Haitamaliza. Piga hesabu mwenyewe. Winchi ya ratili 12,000 ikivuta kwa nguvu zake zote hula takriban ampea 400 kwenye volti 12, yaani kama kilowati 4.8. Ivute hivyo dakika mbili bila kupumzika, umetumia kilowati-saa 0.16. Ford F-150 Lightning yenye betri kubwa inabeba kilowati-saa 131. Hata Land Cruiser iliyotolewa injini ya dizeli na kufungwa betri ndogo zaidi haitaona tofauti kwenye mshale wa chaji.

Shida iko kwingine. Betri kuu ina mamia ya volti, winchi inataka volti 12, na katikati yake kuna kifaa kimoja cha kuteremsha volti, ambacho hapa nitakiita konveta. Konveta ya kilowati 2 inatoa ampea 145 hivi, basi. Na hizo hizo ndizo zinazolisha taa, kompyuta, pampu za kupozea na usukani. Ni tangi la lita elfu tano lenye bomba la nusu inchi: maji yapo tele, lakini ukitaka ndoo ijae kwa sekunde mbili utasubiri.

Gari la dizeli lina betri nene ya kupigia stata, inayoweza kumwaga mamia ya ampea kwa muda mfupi, ndiyo maana tumezoea kufunga winchi moja kwa moja kwenye betri na kuondoka. Gari la umeme halina stata, kwa hiyo wengi huliwekea betri ndogo ya volti 12. Winchi ikiinyonya, volti zinaporomoka, kompyuta zinajizima, swichi kubwa za betri kuu zinaachia, na gari linakufa papo hapo, kebo imekaza na magurudumu yamezama kwenye mfinyanzi mweusi wa Ndutu, kusini mwa Serengeti, mwezi wa nne.

Hatua ya 1: Jua una gari la aina gani

Kuna yaliyotoka kiwandani yakiwa ya umeme, kama Rivian R1T na F-150 Lightning, na kuna yaliyobadilishwa. Huku kwetu ya pili ndiyo utakayokutana nayo: Land Cruiser za watalii zilizofungwa mota ya umeme. Nairobi, kampuni iliyoanza 2017 kwa jina la Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilianzia kwenye kazi hiyo ya kubadilisha magari kabla ya kuhamia kwenye pikipiki na mabasi.

Lililobadilishwa lina faida moja kubwa: chesisi ni ile ile ya zamani, bampa la winchi linaingia bila ubishi, na unajua sehemu za kufungia kamba. La kiwandani limejaa betri chini ya sakafu, kwa hiyo ndoana inafungwa pale tu mtengenezaji aliposema. Usitoboe sakafu yake kwa sababu yoyote ile.

Kisha uliza, au soma kwenye kibandiko, konveta inatoa ampea ngapi. Fundi aliyebadilisha gari akishindwa kukujibu hilo, usimpe kazi ya winchi.

Hatua ya 2: Waya wa chungwa si wako

Nyaya zenye ganda la rangi ya chungwa zinabeba umeme wa betri kuu. Huo unaua, wala hautoi onyo. Usizifungie kitu na usizitumie kama sehemu ya kupitishia waya wako. Nasema hivi kwa sababu kuna watu mtandaoni wanaowaza kutafuta winchi ya volti nyingi waifunge huko. Achana nao.

Hatua ya 3: Betri ya pili, na chaja katikati

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Winchi haitachukua umeme kwenye gari. Itachukua kwenye betri yake, na gari litaijaza betri hiyo taratibu.

Chagua AGM (betri ya risasi na asidi iliyozibwa, isiyomwagika) ya ampea-saa 90 hadi 100, ile inayouzwa kwa kuwashia injini kubwa. Ni nzito, karibu kilo 30, lakini inaweza kutoa ampea 400 bila kulalamika sana. Ifunge kwenye kiti cha chuma chenye mkanda wa bolti. Kwenye barabara ya kwenda Ziwa Natron yenye makorogesho, betri iliyofungwa kwa mpira wa tairi itang'oka kabla hujafika Engaruka.

Kati ya betri ya gari na hii mpya weka chaja ya DC-DC, yaani inayochukua umeme wa betri moja na kujaza nyingine, ya ampea 25 au 30. Fundi wa mtaani atakwambia weka relei tu ya kuunganisha betri mbili, kama kwenye dizeli. Kataa. Relei ikijifunga, betri mbili zinakuwa moja. Winchi ikivuta, itanyonya za kwake na za gari pamoja, na umerudi kwenye tatizo lile lile. Chaja ya DC-DC inapitisha umeme upande mmoja na haivuki kiwango chake hata winchi ifanye nini.

Kuna jambo ambalo wengi hulikosa. Chaja nyingi hujiwasha zikiona volti zimepanda, kwa kudhani alteneta imeanza kazi. Gari la umeme halina alteneta, na baadhi hushusha volti za betri ndogo ikishajaa. Chaja inaona volti ndogo, inadhani gari limezimwa, inalala. Nunua yenye waya wa ishara ya swichi, na ishara uichukue kwenye fyuzi ya vifaa vya ziada, ile inayopata umeme gari likiwa limewashwa tu.

Na waya hasi wa chaja usiubane kwenye nguzo ya betri ya gari. Magari mengi ya sasa yana kihisi pale kinachopima umeme unaoingia na kutoka. Ukikiruka, gari litakosea hesabu ya betri yake. Bana kwenye bodi, pale mtengenezaji alipoweka bolti ya hasi.

Zile dakika mbili za kuvuta zilitumia ampea-saa 13 hivi. Chaja ya ampea 25 itazirudisha kwa dakika 35 au 40, gari likiwa linaendelea na safari.

Hatua ya 4: Winchi yenyewe

Pikapu za umeme ni nzito. R1T tupu inakaribia tani 3.2, bado hujapanda wewe, maji, hema na mke. Kanuni ya zamani ni uzito wa gari likiwa na mzigo mara moja na nusu. Tani 3.5 zinakupa kilo 5,250, na winchi ya ratili 12,000 ni kilo 5,443. Inatosha, lakini nguvu hiyo ni ya kebo ikiwa kwenye mzunguko wa kwanza wa ngoma. Ikibaki imejikunja mara nne, nguvu inapungua sana.

Kwa hiyo kapi. Kapi moja kwenye mti au kwenye gari la mwenzio linakata mzigo wa winchi karibu nusu, na ampea zinashuka pia. Kwenye gari la dizeli kapi ni la dharura. Kwenye la umeme mimi nalifunga kila mara.

Waya wa winchi uwe wa shaba, milimita mraba 70, mfupi uwezavyo, na uwe na swichi ya kukatia karibu na betri. Swichi hiyo ibaki imezimwa siku zote usipovuta. Waya unaopita kwenye bampa hukatika ganda ukigonga kitu, na betri ya AGM haina huruma ikipigwa shoti.

Vuta dakika moja, acha mota ipoe, gusa kwa kiganja. Ukishindwa kuacha kiganja pale, subiri.

Hatua ya 5: Friji, taa na kompresa

Hivi ni vidogo, lakini hapa ndipo watu hubania unene wa nyaya. Chukua kompresa, yaani pampu ya upepo wa matairi, ya ampea 25 iliyo nyuma ya pikapu, mita tano kutoka kwenye betri. Umeme unaenda na kurudi, hivyo ni mita kumi za waya. Kwa waya wa milimita mraba 2.5 unapoteza volti 1.75 njiani: betri inatoa 12.6, kompresa inapata chini ya 11, inajaza polepole na kuchemka. Weka milimita 10, unapoteza chini ya nusu volti.

Kila waya uwe na fyuzi yake, nayo ikae karibu na betri, si karibu na kifaa. Fyuzi inalinda waya. Ikikaa mwisho wa safari, mita tano zote hazina mlinzi.

Hatua ya 6: Plagi za gari

Lightning yenye mfumo mkubwa inatoa kilowati 9.6 kwenye plagi zake. R1T inatoa wati 1,500. Ni umeme mzuri wa kupikia chai, na chaja ya kawaida ya betri ukiichomeka hapo itajaza betri ya winchi hata kama huna chaja ya DC-DC. Ila gari la Marekani linatoa volti 120, na hita yako ya Kariakoo inataka 230. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka.

Hatua ya 7: Jaribu ukiwa nyumbani

Funga kebo kwenye mti imara, gari liwe kwenye mteremko mdogo, mtu mmoja ashike mita ya volti kwenye betri ya gari. Vuta. Betri ya winchi itashuka hadi 11 au chini kidogo, hilo ni sawa. Betri ya gari isicheze. Ikicheza kwa zaidi ya nusu volti, kuna mahali zimeungana.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Karatu: Fundi, shikamoo. Kwa nini nisiweke lithiamu ya ampea-saa 100 nipunguze uzito?

Marahaba. Lithiamu ni nzuri kwa friji. Lakini ndani yake kuna bodi ya ulinzi, na nyingi za ukubwa huo zinaruhusu ampea 100 au 150 tu. Winchi ikidai 400, bodi inakata na winchi inanyamaza. Zipo zilizotengenezwa kwa mzigo huo, bei yake utaiona mwenyewe. Ukiweza, AGM kwa winchi, lithiamu ndogo kwa kambi.

Mdau wa Mombasa: Friji ikikaa kwenye plagi ya gari usiku kucha, asubuhi nitaondoka?

Utaondoka. Friji ndogo inakula kama nusu kilowati-saa kwa siku. Kinachokula zaidi ni gari kubaki macho ili plagi ifanye kazi: likitumia wati 250 kwa saa kumi, hizo ni kilowati-saa 2.5, mara tano ya friji. Ndiyo maana napenda friji iwe na betri yake na paneli ya wati 200 juu ya paa. Kwa jua letu itapata zaidi ya inachotumia, na gari lilale.

Mdau wa Nairobi: Mkuu, likikwama kabisa, naweza kuvutwa na Land Cruiser ya dizeli?

Kulitoa kwenye tope, ndiyo, kwa kamba inayonyumbuka na kwenye ndoana halali. Weka gia huru, na kama lina hali maalumu ya kuvutwa iwashe. Kulikokota kilomita nyingi magurudumu yakiwa chini, hapana. Mota inayozungushwa inageuka jenereta, na umeme huo unaweza kuharibu vifaa au kuvichemsha. Likiisha chaji, tafuta lori la kubeba.

Mdau wa Maskati: Sisi huku ni mchanga, miti hakuna. Winchi ina maana?

Kwenye mchanga kompresa na koleo zitakufaa zaidi. Punguza upepo mapema, psi 15 hadi 18, kabla hujazama. Na mguu uwe mwepesi: mota ya umeme inatoa nguvu yote tangu mwanzo, ukikanyaga kwa pupa gurudumu linachimba shimo lake. Ukilazimika kutumia winchi, fukia tairi la akiba kimo cha kiuno na ufunge hapo, au tumia gari la pili. Kompresa iache ipumzike kila baada ya matairi mawili. Joto la huko litaizima yenyewe usipofanya hivyo.

Mdau wa Houston: Nina Cybertruck. Nifunge winchi ya volti 12 wapi?

Dada, usifunge popote kwanza. Gari hilo linatumia mfumo wa volti 48 badala ya 12. Winchi ya volti 12 ukiiweka hapo utaiunguza. Njia rahisi ni betri ya AGM iliyo peke yake kwenye sanduku, na chaja ya kawaida ya ukutani uichomeke kwenye plagi ya gari. Sanduku hilo unaweza kulifunga plagi kubwa ya Anderson (ya nyaya nene za betri, ya kuchomeka na kuchomoa), winchi ikawa ya kuhamishika mbele na nyuma. Hakikisha plagi zina vifuniko. Vumbi likiingia kwenye meno yake, plagi itachemka siku ya kuvuta.

Mdau wa Karatu tena: Na betri ndogo ya gari ikifa, milango itafunguka?

Inategemea gari. Ambayo vitasa vyake ni vya umeme kwa kawaida huwa na waya au kitasa cha kuvuta kwa dharura ndani, na baadhi nje huwa na sehemu ya kuunganisha volti 12. Fungua kitabu cha gari leo, itafute, na uifungue kwa mkono mara moja. Kisha betri ya winchi itakuwa na kazi nyingine: jozi ya nyaya za kuwashia, dakika chache, gari linaamka.