Kukadiria kizingiti cha perkolesheni kwa kompyuta

Anayeanza utafiti wa mifumo ya nasibu aanze na perkolesheni, modeli ya Broadbent na Hammersley ya mwaka 1957 inayoeleza jinsi njia inavyojiunda kupitia viungo vilivyofunguliwa kwa nasibu. Katika gridi ya mraba, kila kiungo kati ya nukta mbili jirani huwa wazi kwa uwezekano p. Mwaka 1980 Harry Kesten alithibitisha kwamba kizingiti, yaani p ambayo ikipitwa kundi lisilo na kikomo la nukta zilizounganishwa hutokea, ni 1/2 kamili. Jibu likijulikana, programu mbovu haina pa kujificha.

Panga mistari 100 ya nukta kwa safu wima 101. Viungo vya mlalo ni 10,000. Vya wima chukua 9,801 tu, maana vilivyo kwenye safu mbili za pembeni havisaidii kuvuka kutoka kushoto kwenda kulia. Jumla: 19,801. Changanya orodha yao, kisha fungua kimoja kimoja. Kila nukta ijue kiongozi wa kundi lake, yaani nukta moja inayoliwakilisha. Makundi mawili yakikutana, dogo liingie chini ya kubwa, la sivyo programu itakwenda polepole mno. Ongeza nukta mbili za bandia, moja ikishika ukingo wote wa kushoto, nyingine wa kulia. Zikipata kiongozi mmoja, simama uandike idadi ya viungo vilivyo wazi.

Rudia mara 10,000. Wastani wa kinadharia ni 9,901 kamili, takriban nusu ya viungo vyote, kwa sababu viungo vilivyofungwa huunda gridi pacha yenye umbo lilelile, na daima ama yako inavukwa kushoto kwenda kulia, ama pacha inavukwa juu kwenda chini. Gawanya mkengeuko sanifu wa idadi ulizoandika (kipimo cha jinsi zinavyotawanyika) kwa 100, kipeuo cha pili cha 10,000. Wastani wako ukiachana na 9,901 kwa zaidi ya mara tatu ya hapo, tafuta kasoro.

Mara nyingi kosa liko kwenye kuchanganya: kila kiungo kibadilishane nafasi na kimoja kati ya vilivyobaki, si na chochote katika orodha nzima. Au kompyuta kadhaa zimepewa mbegu moja (namba ya kuanzia) ya namba za nasibu, zikarudia matokeo yaleyale.

Sasa fungua nukta badala ya viungo. Kizingiti hapa ni takriban 0.5927, na hakuna fomula kamili inayojulikana. Jaribu mistari 50, 100, 200 na 400: kila ukubwa ukiongezeka maradufu, mkengeuko sanifu wa sehemu ya nukta zilizo wazi wakati wa kuvuka hupungua takriban mara 1.68. Nukta ya pembeni iunganishwe na ya bandia pale tu inapofunguliwa; ukiiunganisha mapema, programu inayotambua nukta iliyo wazi kwa kuwa na kundi itapitisha njia kwenye nukta zilizofungwa na kizingiti kitatoka chini kidogo.