Jinsi ya kutafuta asili ya familia yenu kama nyie ni Wahindi wa Afrika Mashariki

Kama familia yenu ni Wahindi wa huku na unataka kujua mlitoka kijiji gani, usianze na intaneti, anza na mzee aliye hai, mpigie leo. Na usimuulize "tulitoka wapi" maana atakwambia Gujarat au Punjab basi, mazungumzo yameisha. Muulize kijiji cha babu, mji uliokuwa karibu, bibi aliolewa kutoka kijiji gani, nani alitangulia kuja na alifikia kwa nani. Hilo la mwisho mimi naliona muhimu kuliko yote, kwa sababu watu wengi hawakuja hivi hivi tu, mtu aliitwa na mjomba au jamaa wa kijijini kwao mwenye duka Zanzibar au Mombasa, akamfanyia kazi kwanza, halafu akapewa mali kwa mkopo akafungue la kwake huko bara, kwa hiyo ukimjua mwenyeji wake umeshakikaribia kijiji. Akitaka kuongea Kikutchi, lugha ya watu wa Kutch huko Gujarat, mwache aongee, rekodi kwa simu, kutafsiri baadaye.

Halafu kuna hii habari ya reli. Nyumba nyingi utaambiwa babu alikuja kujenga reli ya Uganda, ile iliyoanzia Mombasa. Inawezekana, ila angalia hesabu: kati ya 1896 na 1901 waliletwa vibarua kama 32,000, wengi wao wa Punjab, karibu 2,500 wakafa, na waliobaki huku mikataba ilipoisha walikuwa kama 6,700 tu. Kwa hiyo kama nyie ni Makhoja, Mabohora, Mapatel au Oshwal, jamii za upande wa Gujarat, kuna uwezekano mkubwa mzee wenu alikuja na nauli yake au ya ndugu yake, kwa biashara, zamani kwa jahazi kutoka Mandvi, bandari ya Kutch, msimu wa kaskazi na baadaye kwa meli kutoka Bombay. Usipoteze miezi kwenye habari za vibarua wakati mzee alikuwa anauza nguo.

Majina ndiyo yanapoteza watu. Zamani mtu alikuwa na jina lake na la baba yake, basi, kwa hiyo Jiwa anamzaa Kassam Jiwa, Kassam anamzaa Rajabali Kassam, na karani akishaandika moja kwenye pasipoti hilo ndilo linaganda kuwa la ukoo, mpaka unakuta ndugu wa damu wana majina tofauti. Andika kila namna ya tahajia, Jiwa, Jiva, Jeeva, tafuta zote. Na ukiona Shah au Patel usidhani ni ndugu, majina hayo yanabebwa na watu wengi mno.

Majina ya mahali nayo yamebadilika. Jimbo la Gujarat limeundwa 1960, kwa hiyo karatasi ya zamani itasema Cutch, yaani Kutch, Kathiawar au Nawanagar, ambayo ndiyo upande wa Jamnagar. Wa Punjab kumbukeni 1947, India ilipogawanywa, kijiji kinaweza kuwa Pakistan leo.

Sasa makaratasi. Gazeti la serikali la Kenya limeskaniwa na liko Google Books bure, tafuta jina la babu kwenye matangazo ya mirathi, mara nyingi utapata alifia wapi na lini. Nenda pia Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue Nairobi, na kwa Zanzibar nenda nyaraka za Kilimani. Wahindu wa Punjab wana bahati nyingine, kule Haridwar, mji mtakatifu wa Wahindu kaskazini mwa India, makuhani wanatunza vitabu vya koo kwa kufuata kijiji na jamii, unakuta mpaka majina ya babu wa babu. Waislamu na Wagoa tembeleeni makaburi. Wahindu huchoma maiti, kwa hiyo hapo ulizia daftari la mahali pa kuchomea. Madaftari ya duka na barua msitupe hata kama hamna anayeweza kuzisoma, piga picha kila ukurasa, kuna wazee bado wanasoma Kigujarati cha mkono na wachache wanasoma Khojki, hati ya zamani ya Makhoja.

Kuna jambo familia nyingi zinalificha na mimi naomba msilifiche. Wanaume wengi walikuja peke yao, wakaishi na wanawake Waafrika, wakazaa nao, halafu mke akaletwa kutoka India na wale wa kwanza wakafutwa kwenye masimulizi. Wale watoto ni damu yenu. Ukisikia "yule alikuwa mtoto wa dukani" au mzee anaruka miaka fulani, uliza taratibu, peke yenu, bila hadhira, na ukipata jina liandike kwenye mti wa familia pamoja na jina la mama yake.

Na kuna miaka watu hawapendi kuigusa, mapinduzi ya Zanzibar 1964, majumba kutaifishwa Tanzania 1971, Amin na siku zake 90 za kuwafukuza Wahindi Uganda mwaka 1972. Mzee akinyamaza msilazimishe, rudini siku nyingine na picha mkononi, picha inafungua mdomo kuliko swali.

Mwisho watafute binamu walioko Leicester, London, Toronto, waliondoka Kenya 1968 au Uganda 1972 na albamu kwenye masanduku. Waombe wapige picha mbele na nyuma, maana nyuma mara nyingi kuna muhuri wa studio na jina la mji.