Somo: kusoma majina ya Kinahuatl yaliyochorwa

Haya wadau, mliomba somo la majina ya watu kwenye zile hati za Mexico za enzi za Wahispania, zilizochorwa na wenyeji waliosema Kinahuatl (lugha ya Waazteki), twende taratibu.

Hatua ya 1: tafuta kichwa cha mtu, kisha angalia kapicha kalikokaa jirani yake, mara nyingi kameungwa kwa kamstari kembamba. Hako ndo jina. Orodha ya mji wa Huexotzinco ya 1560 ina vichwa vya walipa kodi hivyo kurasa kwa kurasa, mazoezi hayaishi.

Hatua ya 2: taja unachokiona kwa Kinahuatl, usianze kukisia maana, halafu kata mkia maana -tl na -tli hudondoka neno likiunganishwa na lingine. Itztli (lile jiwe jeusi la volkano linalokata kama wembe) na coatl (nyoka), unapata Itzcoatl, jina la mfalme wa Waazteki. Codex Mendoza (codex ni kitabu cha kale cha michoro) imemchora nyoka mwenye vipande vya hilo jiwe mgongoni, kazi imeisha.

Hatua ya 3, hapa ndo wengi tunaanguka. Picha inaweza kuwa sauti tu. Kwenye Codex Vergara jina hilohilo la Itzcoatl limechorwa jiwe, chungu (comitl) na maji (atl), yaani itz-co-a, nyoka hayupo kabisa na ile tl ya mwisho unajazia mwenyewe! Mimi nilikaa na kile chungu jioni nzima natafuta mfinyanzi.

Wahispania nao waliandikwa hivyohivyo. Antonio de Mendoza, makamu wa mfalme, kwenye Codex Telleriano-Remensis kapewa metl, ndugu yake mkonge wetu wa Tanga, na tozan, kamnyama kanakochimba mashimo kama fuko. Soma kwa sauti: me-toza. Kinahuatl hakina d, t ikaingia hapo.

MASWALI

– Mkuu, mbona Pedro de Alvarado, yule mteka nchi wa Kihispania, ana jua tu, sauti iko wapi?
Sauti ipo ila sio ya Alvarado. Wenyeji walimwita Tonatiuh, yaani Jua, mchoraji kaandika jina la mtaani.

– Nasoma kuanzia juu au chini?
Haina mpangilio mmoja, jaribu zote mpaka jina likubali, au chungulia maandishi ya herufi za Kilatini pembeni kama yapo.

– Na tai anayeshuka, na nyayo za miguu?
Cuauhtli ni tai, temo ni kushuka, nyayo zinaonyesha mwendo. Malizia mwenyewe, huyo unamjua.

– Cuauhtemoc!!
Ewaa, mfalme wa mwisho wa Waazteki.