Kontakta ya mota: soma AC-3, usidanganywe na namba kubwa

Kontakta ni swichi inayovutwa na koili ili kuwasha na kuzima mota. Anza na kibao cha mota, bamba lenye maelezo yake. Mota ya fezi tatu ya kW 7.5 kwenye volti 400, kama ya mashine nyingi za kusaga, huvuta ampea 15 hivi, kwa hiyo kontakta ya ampea 18 za AC-3, yaani daraja la kazi ya mota, inatosha. Kontakta hiyohiyo huwa imeandikwa pia ampea 32 za AC-1, na hiyo ndiyo namba utakayotajiwa dukani. AC-1 ni ya hita. Mota inapoanza huvuta mara sita au zaidi ya mkondo wake, na kontakta ndogo hugandisha kontakti zake: unabonyeza stop, mota inaendelea tu. Kama mota huwashwa na kuzimwa kwa mishtuko mifupi, tafuta ya AC-4.

Halafu koili. Soma volti karibu na A1 na A2, terminali za koili. Koili ya 230 ukiipa fezi mbili inaungua. Ya 400 ukiipa 230 inanguruma bila kushika sawasawa.

Zima umeme, pima kwa mita, ndipo ufunge. Fezi ziingie L1, L2, L3. Ovalodi, kifaa kinachozima mota inapozidiwa, ikae chini ya kontakta, iwekwe kwenye ampea za kibao, isizidi. Kontakti 95-96 za ovalodi zipite kwenye waya wa koili, na 13-14 za kontakta ziunganishwe sambamba na batani ya start. Kaza skrubu zote, kisha vuta kila waya kwa mkono. Waya uliolegea huchoma terminali, na lawama huangukia kontakta.