Somo: Kutafuta vimelea vya magonjwa katika kupe, viroboto na chawa wa mbwa

Wengi wanaotuletea kupe kutoka Kadutu na Bagira, hapa Bukavu, huwaleta wote wakiwa ndani ya alkoholi, wakidhani wamefanya vyema, kumbe nusu ya kazi imeshaharibika njiani. Ndiyo maana somo hili linaanzia kwenye chupa, si kwenye hadubini.

Hatua ya 1. Andaa chupa mbili kwa kila mbwa. Ya kwanza iwe na alkoholi ya asilimia 70 kwa ajili ya viroboto, chawa na kupe wadogo, ambao baadaye wanaweza kupimwa kwa PCR, yaani kipimo cha vinasaba. Ya pili iwe na pamba yenye unyevu kidogo tu na kifuniko kilichotobolewa kwa sindano. Humo watiwe kupe majike walioshiba damu, na ni lazima wafike wakiwa hai. Lebo iandikwe kwa penseli, kwani alkoholi hufuta wino.

Hatua ya 2. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumzungusha. Anayemmwagia petroli au kumchoma kwa kiberiti huishia na kupe asiyefaa kwa lolote na mbwa mwenye kidonda.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Jike aliyeshiba aachwe siku 5 hadi 7, kwa kuwa Babesia, kimelea cha damu kinachoenezwa na kupe, huhitaji muda wa kutoka tumboni mwa kupe, kuzaliana na kuenea katika majimaji ya mwili wake. Kisha kata ncha ya mguu mmoja. Litachuruzika tone angavu, dogo kuliko kichwa cha pini. Ligusishe kwenye kioo, likauke, ulitie methanoli kwa dakika 5, halafu rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 30. Chini ya lenzi ya mafuta, Babesia huonekana kama rungu dogo lenye kiini cha zambarau.

Hatua ya 4. Kiroboto hupasuliwa ndani ya tone la maji ya chumvi, na ukiona vifuko vyeupe, hao ni wachanga wa tegu Dipylidium caninum. Chawa Trichodectes canis hupasuliwa vivyo hivyo.

Maswali ya wanachama

*Daktari, nikikuta Babesia ndani ya kupe, je, mbwa wangu ni mgonjwa?*

La, ndugu yangu, hilo halijathibitika. Kupe huweza kurithi Babesia kutoka kwa mama yake kupitia yai. Mbwa mwenyewe achukuliwe tone la damu sikioni, lipakwe kwenye kioo na kupimwa.

*Mwanangu hulala na mbwa. Chawa hao watamhamia?*

Mama, chawa wa mbwa hawaishi kwa binadamu. Kinachonitia wasiwasi ni kiroboto: mtoto akimmeza, anaweza kupata tegu huyo. Angalia choo chake. Ukiona vipande vinavyofanana na mbegu za tango, mpeleke kwa daktari, naye atampa prazikwanteli.