Baridi Imeingia, Punguza Maji Bustanini

Kila baridi inapoingia naitwa bustanini kwa shida ileile. Mwenye bustani ananionyesha mche uliolegea, majani ya chini yamekuwa manjano, na keni ya maji iko tayari mkononi. Ananiambia amemwagilia jana jioni na leo asubuhi tena, lakini mche hauinuki. Nachomeka kidole kwenye udongo, kinatoka na tope. Mche huo hauna kiu. Unazama.

Mambo ya kutifua, kuweka samadi na kupanda kwa mistari unayajua, ndugu mkulima, sitayarudia. Leo nazungumzia maji peke yake, kwa sababu hapo ndipo bustani za nyumbani zinapofia msimu huu, na zinafia mikononi mwa watu wenye bidii. Mvivu aliyesahau kumwagilia siku tatu mara nyingi ndiye anayevuna.

Tuanze na hesabu, maana wengi mnamwagilia kwa mazoea. Lita 1 ya maji ikimwagwa sawasawa kwenye mita 1 ya mraba inatosha kina cha milimita 1. Wakati wa joto kali, mita hiyo moja iliyofunikwa na mboga inaweza kupoteza lita 5 na zaidi kwa siku. Hali ya hewa ikishuka hadi nyuzi 10 hivi, siku zikawa fupi na anga ikawa na unyevu, hupoteza lita 1, ikizidi sana 2. Sasa chukua tuta la mita 1 kwa mita 4. Wakati wa joto ulikuwa unalipa keni mbili za lita 10 kila siku, na ulikuwa sahihi. Ukiendelea hivyohivyo kwenye baridi, kwa siku tano umemwaga lita 100 kwenye tuta lililohitaji 25 au 30. Hizo 70 nyingine zinakaa wapi? Zinakaa kwenye vinafasi vya udongo ambamo mizizi ilikuwa ikipata hewa.

Mzizi unapumua. Ukikosa hewa unadhoofika, unaacha kufyonza maji, na hapo vimelea vya kuoza vinaingia. Ng'oa mche mmoja uliolegea uangalie. Mzizi mzima ni mweupe na mgumu. Uliooza ni wa kahawia, unateleza, na ukiuvuta kwa vidole ganda linavuka kama soksi na kubaki kiuzi chembamba. Udongo wenyewe unaweza kutoa harufu ya yai viza.

Huu ndio mtego wenyewe: mmea ambao mizizi yake imeoza hunyauka sawasawa na mmea wenye kiu, kwa sababu maji yapo lakini hakuna cha kuyanyonya. Mwenye bustani anaona jani limelala, anakimbilia keni, anaongeza maji juu ya maji, na kesho jani limelala zaidi. Nimesema hili mara nyingi na nitaendelea kulisema: usimwagilie kwa kuangalia jani. Mwagilia kwa kugusa udongo.

Na kugusa si kupapasa juu. Uso wa udongo kwenye baridi hukaushwa na upepo huku chini kumelowa, kwa hiyo rangi ya juu inadanganya. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili, karibu sentimita 5. Ukikuta ubaridi wa unyevu na chembe za udongo zimeng'ang'ania kidoleni, ondoka, rudi kesho. Ukikuta pakavu na udongo unapukutika, mwagilia lita 6 kwa kila mita ya mraba, mara moja, polepole, kisha acha. Kwa tuta letu la mita 1 kwa 4 ni keni mbili na nusu. Zamu hiyo hutosha siku nne au tano. Kwenye udongo wa mfinyanzi huweza kufika wiki nzima. Mvua ikinyesha, ihesabu. Weka kopo lenye kuta zilizonyooka karibu na tuta, pima maji yaliyomo kwa rula. Milimita 6 ni zamu kamili imeshalipwa na mawingu, usiongeze hata kikombe.

Kosa la pili ni ndugu wa hilo la kwanza: kumwagilia jioni, tena juu ya majani. Wakati wa joto tuliwashauri jioni ili maji yasipotee kwa jua, na ushauri huo ulikuwa mzuri kwa msimu wake. Kwenye baridi ugeuze kabisa. Mwagilia kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, na ikishapita saa 8 mchana weka keni chini. Jani lililolowa jua likizama hubaki limelowa usiku kucha, kwa muda wa saa 12 au zaidi. Kwa bakajani chelewa, ugonjwa unaoozesha majani ya nyanya na viazi, muda huo unatosha kushambulia. Mbegu za ugonjwa huu zinahitaji maji juu ya jani ili ziote, na zinapenda ubaridi wa nyuzi 10 hadi 20. Ndio ugonjwa ulioteketeza viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka 1845, na nyanya zako zilizobaki ukutani hauzionei huruma. Toa rozi, yaani kile kichwa chenye matundu, kwenye keni, elekeza mdomo chini kwenye shina, lowesha udongo tu. Kwenye kabichi na vitunguu, tabia hiyohiyo ya jioni inakaribisha ubwiri vinyoya, ugonjwa wa majani unaofanana na ukungu.

Miche iliyo kitaluni ina sheria yake kwa sababu mizizi yake ni mifupi. Subiri sentimita 1 ya juu ikauke, kisha nyunyiza lita 2 kwa mita ya mraba, asubuhi. Ukiona vimiche vinakatika pale shina linapokutana na udongo, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza kwa miche. Punguza miche iliyosongamana, acha hewa ipite, na usimwagilie mpaka juu pakauke kabisa. Mimea ya kwenye vyungu, ondoa sahani iliyo chini. Chungu kilichokalia maji kwenye baridi ni mzizi uliokwisha kuoza, ni suala la siku tu.

Ipo hali moja ambayo maji yanasaidia kweli, na watu wanaikosa. Ukitarajia usiku wa sakitu, yaani umande kuganda juu ya majani, na umepima kwa kidole ukakuta udongo mkavu, mwagilia mchana wa siku hiyo jua likiwa juu. Udongo wenye unyevu hutunza joto la mchana kuliko udongo mkavu na hulitoa polepole usiku. Jioni funika mimea laini kwa shuka iliyoinuliwa kwa vijiti isiguse majani, na asubuhi uifunue. Usitumie nailoni iliyolala juu ya majani. Pale inapogusa ndipo jani linapoungua kwa baridi. Na asubuhi ya sakitu mboga zikiwa zimelala, usikimbilie keni. Subiri jua lipande. Sukuma wiki na spinachi huinuka zenyewe.

Kama eneo lako linatuamisha maji, hakuna keni itakayokuokoa. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, kisha pima. Maji yakipungua kwa kasi isiyofika sentimita 2.5 kwa saa, inua matuta sentimita 15 hadi 20 kabla hujapanda kitu kingine. Matandazo ya nyasi kavu weka unene wa sentimita 5, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina. Nimeona watu wanayakumbatisha shina kama blanketi, na shina linaoza humohumo.

Ukifanya haya, majani mapya yatatoka mafupi, magumu na ya kijani kibichi, na magugu yatapungua.

Sukuma wiki na karoti zikishapigwa na baridi mara mbili tatu hukusanya sukari, na utamu wake huupati msimu mwingine wowote. Ila usivune jani likiwa bado limeganda, litasinyaa na kugeuka jeusi pale ulipolishika. Ngoja hadi saa 4, barafu ikishayeyuka na jani likishakauka, ndipo uchume yale ya chini, mawili au matatu kwa kila shina.