Namna ya Kujenga Taaluma ya Kutafuta Dawa za Saratani katika Mimea

Mkemia anayeanza shahada ya uzamili au ya uzamivu katika fani hii afahamu mapema kwamba safari ni ndefu. Gome la mti wa Taxus brevifolia lilikusanywa Marekani mwaka 1962, wakemia Monroe Wall na Mansukh Wani wakachapisha mwaka 1971 muundo wa paklitakseli, kiambato cha gome hilo kinachozuia saratani, na dawa yenyewe ikaidhinishwa nchini humo mwaka 1992. Kwa hiyo usiwaahidi wafadhili dawa. Ahidi molekuli zilizothibitishwa ambazo mtafiti mwingine anaweza kuzipata tena kwa kufuata maelezo yako.

Kabla ya kuchuma chochote, pata kibali cha utafiti kutoka tume ya sayansi ya nchi (COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya) na ridhaa ya wenyeji, na pale ambapo mganga ndiye aliyekuonyesha mmea, mkubaliane kwa maandishi jinsi manufaa yatakavyogawanywa. Chuma tawi lenye maua au matunda, libane liwe bapa, liandikie mahali, tarehe na jina la mchumaji, kisha lihifadhiwe katika hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) likiwa na namba yake. Bila sampuli hiyo, kosa la kutambua spishi haliwezi kusahihishwa, na kazi yote ya maabara inabaki haina mwenyewe.

Katika maabara, kaushia mmea kivulini, usage, uloweke katika methanoli, kisha ugawanye kilichotoka kwa vimumunyisho vya viwango tofauti vya upolari. Jaribu kila fungu kwenye seli za saratani na uendelee na lile linaloziua tu, hata kama fungu jingine lina fuwele nzuri zinazokuvutia kama mkemia. Lipitishe kwenye safu ya silika, udondoshe tone kutoka kila chupa ya kilichokusanywa kwenye bamba jembamba la silika na ulitazame chini ya taa ya urujuanimno: doa moja lenye umbo safi katika mifumo miwili ya vimumunyisho ni dalili njema, bali mkia wa doa humaanisha kwamba kazi bado. Ondoa tanini mapema, kwa kuwa hushikamana na protini ovyo na kuleta matokeo ya uongo. Uwe na subira, na mmea wa kutosha pia. Wall na Wani walianza na kilo 12 za gome na shina vilivyokaushwa wakapata takriban nusu gramu ya paklitakseli.

Kabla ya kutumia miezi kusoma spektra za NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha muundo wa molekuli), pima uzito wa molekuli na ulinganishe na zilizokwisha kuchapishwa. Kisha jaribu kiambato kwenye seli zisizo na saratani, maana sumu inayoua kila seli si dawa.

Swali ambalo wengi huliahirisha, nami naliona ndilo zito kuliko yote, ni la upatikanaji. Kundi la mkemia S. Morris Kupchan lilipochapisha mwaka 1972 maitansini, kiambato cha mimea ya Maytenus kinachoua seli za saratani, shauku ilikuwa kubwa kiasi kwamba zaidi ya tani 27 za Maytenus buchananii zilivunwa katika vilima vya Shimba, Kenya, kwa ajili ya majaribio. Kwa wagonjwa ilionekana kuwa na sumu kali mno, na miaka mingi ikapita kabla derivativu yake (molekuli iliyotengenezwa kwa kuibadilisha kidogo) kuunganishwa na kingamwili na kuidhinishwa Marekani mwaka 2013 kutibu aina mojawapo ya saratani ya matiti. Jiulize tangu mwanzo kama kiambato chako kimo kwenye majani, ambayo huchipua tena, au kama kinaweza kusanisiwa.

Chagua msimamizi mwenye ushirikiano wa kweli na wanabiolojia, si mwenye mashine tu. Jiunge na NAPRECA, mtandao wa watafiti wa viasilia (kemikali zitokanazo na viumbe hai) wa Afrika Mashariki na Kati ulioanzishwa mwaka 1984, uwasilishe kazi yako huko mapema, na uchapishe pamoja na spektra kamili, ukiwataja kama waandishi wenza wataalamu wa mimea waliokutambulia spishi.